Maji ya Mikuyuni

Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa kwa basi, ziwa letu hutaliona. Utaona milima upande wa kushoto, utaona mahindi, utaona mabango ya wagombea waliokwisha shinda au kushindwa, kisha Kilosa itafika na hutajua kwamba umepita karibu na ziwa. Sikulaumu. Hata wachora ramani hawakujisumbua nalo. Ili ulione inabidi ushuke njia panda, upande bodaboda kuelekea Tindiga, uvumilie vumbi ikiwa ni kiangazi, na ikiwa ni masika ushuke umsaidie mwenye bodaboda kuisukuma, mpaka ufike mahali ambapo nchi ni tambarare kiasi kwamba maji yenyewe hayana hakika yaelekee wapi. Hapo ndipo lilipo.

Wageni huliita bwawa. Wafugaji waliohamia kwetu kutoka kanda ya ziwa, watu waliozaliwa kando ya maji yasiyoonekana ng'ambo, walicheka walipoliona mara ya kwanza, na mpaka leo wakitaka kutuudhi huliita dimbwi. Ni kweli kwamba mwanamke mwenye sauti nzuri akisimama upande mmoja anaweza kumsengenya wa upande wa pili na akasikika. Lakini dimbwi hilo ndilo lililotulea. Nina hasira za karibu, wateja wanaokula kwenye kibanda changu cha chakula pale Mikumi wanazijua, na sipendi mtu alidharau ziwa letu isipokuwa mimi mwenyewe.

Lina umbo la ndala: pana upande wa vidole, jembamba katikati, pana tena kidogo kisiginoni. Upande wa vidole kuna mikuyu mikubwa, kwa hiyo tunapaita mikuyuni. Kisiginoni kuna matete, tunapaita mateteni. Tangu kabla mama yangu hajazaliwa, mto uliingia ziwani kwa mikuyuni, na maji ya ziada yakatokea mateteni kwenda kupotelea kwenye kinamasi. Basi sheria ilijitunga yenyewe. Mikuyuni ni pa kuchota maji ya kunywa. Mateteni ni pa kufua, kuoga na kunyweshea mifugo. Mtoto aliyenawa miguu mikuyuni alichapwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa jirani, kisha akapelekwa kwao akachapwe tena, na hakuna mzazi aliyekwenda kulalamika.

Wafugaji walipofika palikuwa na ugomvi wa miaka, ng'ombe kwenye mpunga, panga kwa fimbo, ugomvi uliowaachia watu makovu pande zote mbili. Uliisha siku wazee wetu na wao walipokubaliana kwamba sheria ya ziwa iwe ya wote: ng'ombe mateteni, binadamu mikuyuni. Wakatengewa njia ya kupitisha mifugo nyuma ya mashamba, mbali na majaruba ya mpunga. Tangu hapo tumekaa vizuri. Maziwa tunanunua kwao, mchele wananunua kwetu, na kwenye msiba tunazikana, Mwislamu kwa Mkristo.

Kisha masika moja ya hivi karibuni mto uliacha njia yake. Sisi watu wa bondeni tumezoea mafuriko. Maji huja, tunapandisha magodoro darini, maji huondoka, tunayashusha. Safari hii maji yalipoondoka mto haukurudi kwenye mkondo wake. Ulikuwa umekata ukingo huko juu, ukapita katikati ya shamba la mtu, ukazunguka nyuma ya kinamasi na kuingia ziwani kwa mateteni. Mdomo wa mikuyuni ulijaa mchanga, na sasa badala ya kupokea maji unayatoa, kidogokidogo, kama mtungi uliopata ufa. Ziwa liligeuka. Miguu ikawa kichwa.

Haikuwa jambo la kuonekana kwa macho ya haraka. Maji yale yakitazamwa yametulia tu. Mimi niliona kwa sababu ya pumba.

Nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama. Anaishi kule na mdogo wangu wa kiume, mkulima wa mpunga, na amekataa katakata kuhamia kwangu. Alijaribu mara moja. Alilalamikia malori ya barabara kuu, alilalamikia jirani anayefungulia redio, na maji ya bomba akasema yananuka chuma, akafunga kanga zake akarudi. Asubuhi ile nilikwenda kufua mateteni, nikawakuta wanawake wanaosha magunia yaliyotoka mashineni, pumba za mpunga zimetapakaa juu ya maji mpaka huoni chini. Adhuhuri nilimsindikiza mama mikuyuni kuchota. Pumba zilikuwa zimefika kabla yetu. Zilikuwa zimejipanga ufukweni, na kati yao povu la sabuni, na chini yao maji yana rangi ya kijani na utando juu, kama uji uliopoa.

Mama hakushangaa. Aliinama, akasukuma pumba kwa kitako cha ndoo, huku na huku, kama mtu anavyosogeza pazia, kisha akachota pale palipobaki wazi.

"Upepo," akasema.

Hapakuwa na upepo. Jani lilikuwa halitikisiki. Nikatazama maji yale kwa muda mrefu, nikaona unyasi mmoja unakuja kutoka mateteni, polepole sana, hauna haraka, unakuja kwetu.

Nyumbani mama aliyachuja yale maji kwa kanga iliyokunjwa, akatwanga mbegu za mlonge, akazikorogea ndani na kuyaacha yatulie. Jioni yalikuwa meupe. Alinisogezea kikombe usoni nikione kitako chake. Kwetu maji yakionyesha kitako cha kikombe, mjadala umekwisha. Na mimi nimelelewa hivyo, kwa hiyo hata nilipojua ninachojua, moyo wangu ulitulia kidogo kuyaona meupe vile, na nikajichukia.

Mwaka ule mama aliugua homa ya matumbo. Tulimpeleka hospitali Kilosa, akapona. Miezi haikupita mingi akaugua tena, safari hii vibaya zaidi, akawa anaweweseka akiwaita watu waliokufa zamani. Daktari alikuwa dada mdogo, mpole, aliyemwamkia mama kila alipomkaribia kitanda. Alimuuliza, "Bibi, kwani mnakunywa maji gani huko?"

"Ya mikuyuni, mjukuu wangu," mama akajibu, kwa fahari, kama aliyeulizwa watoto wake wamesomea wapi.

Daktari akanitazama. Baadaye aliniita kwenye korido akanieleza kwamba utumbo wa mama umechoka. Ugonjwa huu ukirudi mara ya tatu unaweza kuutoboa, na kwa umri wake, akasema, na hakumalizia. Nilitamani amalizie. Mtu akikukatia sentensi ya namna hiyo unabaki kuimalizia wewe kila siku, unapokata vitunguu, unapomrudishia mteja chenji.

Basi nikaanza vita na mama yangu. Nilimpelekea madumu ya maji kutoka Mikumi, nikayafunga nyuma ya bodaboda kwa mpira. Aliyapokea kwa shukrani na kuwapa wageni, kwa sababu kitu kizuri ni cha mgeni. Nilimwambia achemshe. Nikiwapo, sufuria ya maji ilikaa jikoni tangu asubuhi. Nikiondoka ilirudi kupika mboga, kwa sababu kuni siku hizi zinatafutwa mbali na hakuna mwenye akili atakayechoma kuni ili apate maji, wakati maji anayo. Nilimpelekea dawa ya kutia kwenye maji, akasema yananuka hospitali, na hospitali ameshalala vya kutosha. Kisima kipo, kilichimbwa na watu wa mradi, na maji yake ni ya chumvi. Ukipikia maharage hayaivi, ukipikia chai maziwa yanakatika. Tulimshukuru Mungu na watu wa mradi, na tunakitumia kupigia plasta.

Mwisho nilimwambia wazi. "Mama, ziwa limegeuka. Mnakunywa maji ya ng'ombe."

Mama akikasirika huacha Kiswahili. Huingia kwenye lugha ya nyumbani, na katika lugha ile mimi bado ni mtoto wa kutumwa chumvi. Alisema mengi. Kwa kifupi alisema kwamba mimi nimekwenda kuishi barabarani, sasa narudi kuwaambia waliobaki maji yao yanaelekea wapi.

Nikaamua kwenda mbele ya watu. Kabla ya kurudi Mikumi nilijaza chupa mbili za plastiki. Moja niliichota mikuyuni mwenyewe. Ya pili nilichotewa na mama mmoja mfugaji, anayetuletea maziwa, kutoka kule nyuma ya matete kabisa, mto unakoingia sasa, juu ya wanapokunywa ng'ombe; mimi sikuthubutu, kuna mamba. Nikaziweka dirishani kwenye kibanda changu. Ile ya mtoni ilituliza matope yake chini ikabaki na maji ya kawaida. Ile ya mikuyuni ilizidi kuwa kijani kila siku, na nilipofungua kifuniko ilinuka hata mwenyewe nikarudi nyuma. Dereva mmoja wa lori aliuliza kama ni juisi ya parachichi, nimwekee na barafu. Nilimfokea bure, maskini, hakujua.

Na chupa zangu mbili nikaenda kwenye mkutano wa kitongoji. Nilikuwa nimejiandaa kama mwalimu mgeni. Mwenyekiti wetu nilisoma naye shule ya msingi, akanipa nafasi ya kuzungumza mapema. Nikaeleza mto, nikaeleza pumba, nikainua chupa moja, nikainua ya pili. Watu walinisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza, mwenyekiti alikohoa.

"Dada," akasema, "hapa hakuna asiyejua."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Pumba tunaziona. Sabuni tunaiona. Juzi mke wangu kachota, ndani ya ndoo mna kinyesi cha ng'ombe. Tunajua."

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunasubiri mto urudi."

Wakanieleza, wakipokezana, kwamba enzi za babu zao mto uliwahi kuhama hivihivi, na baadaye ukarudi wenyewe kwenye njia yake. Nikauliza ulirudi baada ya muda gani. Hapo kila mmoja akamtazama mwenzake. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa nyuma, alisema kwa sauti ya kunituliza kwamba mto ni wa hapahapa, utakwenda wapi? Watu wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wanauzungumzia mto kama mwanamume aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha: hapigi simu, lakini nyumba yake haivunjwi.

Nikasema, basi tubadilishane pande. Ng'ombe waende mikuyuni, sisi tuhamie mateteni, mambo yawe kama zamani, kunywa juu na kufua chini. Watu wakainamisha vichwa. Nilidhani wanafikiri, kumbe walikuwa wananionea huruma. Aliyesimama ni yule mama wa maziwa.

"Dada yangu," akasema, "mimi watoto wangu wanakunywa hukohuko mikuyuni, kama mama yako. Na mimi wameniugulia. Lakini niambie, ng'ombe nikimpeleka mikuyuni atapita wapi? Kulia mpunga, kushoto mpunga. Ng'ombe hajui jaruba. Atakanyaga. Mwenye jaruba atatoka na panga, na mwanangu ana fimbo mkononi. Tumbo likiuma tunakwenda Kilosa tunarudi. Nani atatupatanisha mara ya pili?"

Akakaa. Hakusema kwa ukali. Mzee mmoja wa upande wetu, mwenye kovu lililoanzia sikioni na kushukia shingoni, alitikisa kichwa kumkubalia.

"Basi watu tu ndio twende," nikasema. "Ng'ombe wabaki walipo, sisi tukachote kule mto unakoingia."

"Na mamba wa kule utawaondoa wewe?" akauliza mwenyekiti, na watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Mkutano ulifungwa kwa dua, kisha kwa sala, na chupa zangu nikaondoka nazo kwapani. Laiti wangekuwa wajinga, ningewafundisha. Laiti wangekuwa wabaya, ningegombana nao. Walikuwa wamekaa wakapima, panga upande huu na tumbo upande huu, wakachagua tumbo. Ila tumbo lenyewe lilikuwa la mama yangu.

Ndipo ikaja harusi. Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu alipata mchumba Kisanga, binti mtulivu, mwenye kusema "sawa" kwa kila kitu. Nikapewa heshima yangu ya shangazi, na heshima hiyo ina kazi. Kwetu pale, asubuhi baada ya ndoa, bi harusi huonyeshwa maji. Shangazi wa bwana harusi ndiye anayemtangulia, wanawake wote nyuma kwa nyimbo. Anapelekwa mateteni, shangazi anasema, "Hapa utafua." Anapelekwa mikuyuni, shangazi anasema, "Hapa utachota." Bi harusi anachota ndoo yake ya kwanza, anaibeba kichwani bila kuitua mpaka mlangoni, anapiga magoti mbele ya mwanamke mkubwa kuliko wote katika nyumba ile, na yule mkubwa anachovya kikombe kwenye ndoo iliyo kichwani na kunywa. Akinywa, mke amepokewa. Maji hayo yakimwagika mlangoni, hakuna atakayesema kitu siku ile, lakini mimba ikitoka, ndoa ikiyumba, mtoto akichelewa kutembea, watakumbuka.

Mwanamke mkubwa katika nyumba yetu ni mama.

Nilimwomba. Nilimwambia, mama, wewe ni mgonjwa, safari hii anywe jirani kwa niaba yako.

"Nisipokunywa maji ya mke wa mjukuu wangu," akasema, "watu watasema nimemkataa. Na wewe ungekuwa yeye ungesemaje?"

Alikuwa amesema kweli. Mama ana tabia hiyo, anasema kweli pale tu inapokuumiza.

Nikatunga hila. Nilichemsha maji mwenyewe, nikasimama juu yake mpaka yametokota vya kutosha, nikayapoza, nikayatia kwenye jagi jipya lenye kifuniko. Niliwaza kuliweka juu ya kigoda karibu na mkeka wa mama. Bi harusi akishapiga magoti, mimi ningejaza kikombe kutoka kwenye jagi haraka, katikati ya nyimbo, na kumpa yeye amkabidhi bibi. Nilimnong'oneza yule binti wakati wanamfunga kanga. "Kikombe cha bibi nitakujazia mimi, umpe tu. Usiulize."

"Sawa, shangazi."

Nilikuja kujua baadaye kwamba alidhani jagi ni sehemu ya mila zetu.

Tukaenda. Mateteni nilisema, "Hapa utafua," na wanawake wakaitikia. Tukazunguka kwa njia ya majaruba, mpunga umeanza kuinamisha vichwa, umande unatulowesha pindo, nyimbo zimenoga, na mimi niko mbele nimevaa kitenge kipya. Tulipofika mikuyuni wakanyamaza kunisubiri. Simu zilikuwa zimeinuliwa, wanarekodi. Nilimtazama yule binti, nikatazama maji. Kisanga wao wanakunywa maji yanayoshuka kwenye mawe, baridi, unaona kokoto. Alikuwa anayatazama ya kwetu kwa uso wa mtu aliyeandaliwa chakula asichokijua ugenini.

"Hapa utachota," nikasema.

Akaingiza ndoo. "Sukuma kwanza, mwanangu," mwanamke mmoja akamfundisha kwa upendo, na akasukuma.

Nyumbani mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga mpya, wanja machoni, mdogo na mwepesi baada ya yale magonjwa mawili lakini mgongo umenyooka. Bi harusi alifika na ndoo yake, akapiga magoti taratibu, tone halikudondoka. Vigelegele. Mimi nikainama kulichukua jagi.

"Hilo la nini?" mama akauliza.

Macho ya mama hayaoni uzi kwenye sindano, lakini jagi aliliona.

"Maji ya kunawa, mama," nikasema. Ndilo lililonijia.

"Umefanya vizuri."

Akakinga mikono. Nikammiminia. Alinawa mikono yake kwa utulivu, kiganja, vidole, kifundo, mpaka maji yangu yote yakaishia kwenye mchanga. Kisha akachukua kikombe, akanyoosha mkono na kukichovya kwenye ndoo.

Ndoo ilikuwa mbele yangu. Kiwiko changu kingetosha kuimwaga. Niliiona shingo ya yule binti, imekaza, mishipa imetoka, imejizuia isitikisike hata kidogo kwa sababu alijua kila jicho lilikuwa linaitazama, na nikaiona miaka yote ambayo wangemhesabia maji yale. Nikajua siwezi. Mama alikunywa. Sikuwahi kutazama mtu akinywa maji kwa namna ile, koo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mpaka kikombe kikageuzwa juu chini kuonyesha kimekwisha.

"Matamu," mama akasema.

Kigelegele cha hapo huanzishwa na shangazi. Wote walikuwa wamenigeukia. Nikakipiga.

Kibanda hakikai kimefungwa, nikarudi Mikumi. Bi harusi alikuwa bado kwenye fungate, haonekani na hazungumzi na watu, kwa hiyo nilimpigia mdogo wangu nikamwambia, akitoka umweleze. Umwambie achemshe. Umwambie bibi asipewe maji mabichi hata akiyalilia. "Nitamwambia," akasema. Mdogo wangu akisema atamwambia mtu, ujue jambo hilo limezikwa. Nilimpigia tena, akasema mvua imeanza vizuri, mpunga unapendeza. Nikaanza kuhesabia moyoni, mama leo hajaugua, leo pia hajaugua, nikaanza hata kudhani kwamba daktari alizidisha.

Juzi simu ilinikuta nakaanga samaki. Namba ngeni, sauti nyembamba, mvua inasikika nyuma yake juu ya bati.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, shangazi. Ila bibi ana homa. Na tumbo linamsumbua, chakula hataki."

Nilizima jiko. Nikamwambia wampeleke Kilosa sasa hivi, wasisubiri. Akasema baba mkwe wake ametoka kutafuta bodaboda, lakini maji yamekata njia, mwenye bodaboda anasema mpaka yapungue. Nikauliza trekta. Akasema trekta limekwama tangu jana. Nilisikia mama akikohoa, au labda ni mtu mwingine.

"Usiwe na wasiwasi, shangazi," akasema yule binti, na alikuwa anajitahidi kweli kunipa moyo. "Nimekaa naye hapa tangu asubuhi. Nampa maji mengi."

Nikamuuliza maji gani.

"Ya mikuyuni, shangazi," akasema. "Pale uliponionyesha."